Ukuta wa Mzee Edmund: Miaka Arobaini na Miwili Kanisani Lumbanga

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Hesabu ya matofali sitini elfu, ile iliyosomwa kwenye mkutano wa kijiji mwaka 1974 na ambayo nusura ilibomoe kanisa letu, niliipiga mimi. Watu wengi wanadhani ilitoka Mbinga kwa wataalamu wa ujenzi. Ilitoka kwenye penseli yangu. Na aliyenishikia ncha ya utepe nilipokuwa napima alikuwa Mzee Edmund Challe mwenyewe, ambaye sasa naandika habari zake. Padre Damiano aliponiomba kazi hii hakulijua hilo. Alisema tu kwamba mimi, Hilaria, ni mtu wa kuandika kuliko kusema, na katika hilo hakukosea.

Mzee Edmund anastaafu Jumanne, tarehe 30 Novemba 1976, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, msimamizi wa kanisa letu la Anglikana. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka arobaini na miwili ya utumishi: mitatu akiwa fundi mwashi wakati kanisa lilipokuwa likijengwa, na thelathini na tisa akiwa mtunza kanisa. Amefanya kazi chini ya mapadre tisa. Wanne kati yao wamezikwa upande wa kaskazini wa kanisa, na majani ya makaburini mwao anayafyeka yeye.

Alizaliwa hapa hapa Lumbanga, kando ya ziwa, wakati wa ile vita ya kwanza ya Wajerumani na Waingereza. Baba yake alikuwa mvuvi wa samaki aina ya mbasa. Yeye maji hakuyapenda. Anakiri mwenyewe kwamba mtumbwi humzungusha kichwa hata ukiwa umefungwa ufukoni. Kwa hiyo misheni ilipotangaza mwaka 1934 kwamba inatafuta vijana wa kujenga kanisa la matofali mahali pa lile la miti na udongo, alifika wa kwanza, kabla hata padre hajamaliza kifungua kinywa. Alianza kwa kukanyaga udongo. Baada ya miezi minne alishika mwiko na timazi. Timazi yake ya kwanza ilikuwa jiwe jeusi la ziwani lenye tundu, lililofungwa kwenye uzi wa nyavu. Bado analo.

Kwa wageni watakaokuja siku hiyo na ambao hawalijui kanisa letu, nieleze kidogo. Lina urefu wa mita ishirini na sita na upana wa mita nane. Altare iko mashariki, upande wa milima, na mlango mkubwa unatazama magharibi, upande wa ziwa, hivyo mtu akitoka kwenye Misa kitu cha kwanza anachokiona ni maji, na cha pili ni mitumbwi ya wale ambao hawakuja. Kila upande mrefu una mategemeo sita, yaani vinguzo vya matofali vilivyojengwa nje ili kuushikilia ukuta usisukumwe na uzito wa paa. Madirisha ni membamba, yamechongoka juu, na hayana vioo. Kati ya waumini na altare kuna tao moja pana ambalo ndani yake hamna chuma wala ubao. Matofali yameshikana kwa kusukumana tu. Nilipokuwa darasa la tano Mzee Edmund alinieleza kwamba tao halilali: kila tofali linamsukuma jirani yake mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. Tangu siku hiyo sijaweza kusali chini yake bila kufikiria jinsi lilivyochoka.

Matofali yenyewe hayakununuliwa. Kila mkatekumeni aliyetaka kubatizwa alitakiwa kufyatua matofali mia moja na ishirini kwa mikono yake, kumi kwa kila mtume, na kuyaleta kwenye tanuru. Inasemekana babu mmoja alileta mia na kumi, akidai kwamba Yuda hahesabiwi. Alirudishwa akafyatue kumi ya Mathiya, aliyeshika nafasi ya Yuda. Tofali likiwa bado bichi, mwenyewe alilitia alama yake: kidole gumba, kisigino cha mtoto, punje tatu za mtama, ganda la konokono. Ukipita nje ya ukuta utaziona alama hizo, nyingine zimefutika nusu. Mzee Edmund anazijua karibu zote. Tulipokuwa watoto tulimwendea mmoja mmoja kumwuliza matofali ya bibi zetu yako wapi. Wengine aliwaonyesha kwa kidole. Wengine, na mimi nikiwamo, alituambia yako juu sana, karibu na paa, mahali ambapo macho hayafiki. Tuliridhika.

Kanisa lilipokamilika mwaka 1937, mafundi wenzake waliondoka. Wengine walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, wengine kwenye migodi ya kusini, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuzeekea hapa. Yeye alipewa funguo. Akapewa na kengele, na popo. Vita yake na popo ni ndefu kuliko vita zote zilizofundishwa shuleni kwetu, na kwa maneno yake mwenyewe hakuna upande ulioshinda, ila pande zote mbili zimezeeka. Kila mwaka mvua zikiisha huteremsha timazi kutoka juu ya kila tegemeo, akauangalia ukuta kwa jicho moja, akauliza kwa sauti ya chini umeamkaje. Mama Lukresia, mkewe, husema kwamba katika ndoa yao yeye ni wa pili kujuliwa hali, baada ya ukuta wa kusini, na kwamba amezoea.

Paa lilikuwa la nyasi hadi mwaka 1957. Nyasi zilibadilishwa kila baada ya miaka mitatu, na Mzee Edmund ndiye aliyekuwa akipita vijijini kuwakumbusha watu mafungu yao. Mabati yalipofika kwa meli, watu walishangilia. Jumapili ya kwanza ya mvua, padre wa wakati huo alihubiri nusu saa nzima na hakuna aliyesikia neno hata moja. Mzee Edmund alitoka nje katikati ya mahubiri, akasimama kwenye mvua, akalitazama lile paa jipya kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani anayepiga kelele. Kisha akarudi akakaa. Hadi leo hasifu mabati. Husema tu kwamba hayavuji.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake mpaka mwaka 1974.

Mwaka huo sote tulihamia juu, kwenye barabara, maili tatu kutoka ufukoni, kuanzisha kijiji kipya cha ujamaa. Watu walibeba milango yao vichwani, na nguzo, na mawe ya kusagia, na kuku kwenye matenga. Walijenga vibanda, wakalima shamba la kijiji, wakalima ya kwao, kisha wakashuka tena ziwani kutafuta usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kitoweo, wakapanda tena. Walichoka. Nimetafuta neno zuri zaidi na sikulipata. Mama yangu alikuwa akilala ameshika kijiko.

Kanisa halikuweza kubebwa. Likabaki chini peke yake, kati ya vichuguu na misingi ya nyumba zetu za zamani. Mzee Edmund, ambaye alikuwa na miaka sitini na magoti yaliyokwisha kuharibika, alishuka kila asubuhi maili tatu kupiga kengele ambayo huku juu haikusikika. Padre Damiano alimwambia apige Jumapili tu. Alijibu kwamba kengele ikizoea kunyamaza itaona raha, akaendelea.

Katibu wa kijiji chetu kipya alikuwa Ndugu Urbani Kapinga, Mmatengo wa Namswea, Mkatoliki, mtu aliyekulia kwenye kahawa na baridi. Joto la ziwa lilimtesa. Napenda isemwe wazi kwamba hakuwa mtu mbaya. Shule yetu mpya ilikuwa mabanda manne ya nyasi, na mvua za masika zilipokuja zilitukuta tumekaa chini, tukayafunika madaftari kwa matumbo yetu. Ndugu Urbani aliliona jambo hilo na likamuumiza. Alitaka vyumba vinne vya matofali. Aliitisha watu wafyatue, na watu walimsikiliza kwa adabu, wakarudi majumbani kulala. Hawakukataa. Walikuwa wamekwisha.

Ndipo akalikumbuka kanisa lililobaki kule chini, ambalo sasa lilitumika saa mbili kwa wiki.

Mwezi wa saba alikuja shuleni na kumwomba Mwalimu Hildegardi, mwalimu wetu wa hesabu, ampe mwanafunzi anayejua kukokotoa ujazo. Mwalimu Hildegardi alikuwa mgeni kutoka Bukoba na hakuwa na habari za kanisa hilo. Aliniita mimi. Nilikuwa darasa la saba. Ndugu Urbani alinipa karatasi mbili na utepe wa kupimia, akanieleza kazi yenyewe na sababu yake, bila kuficha. Nilielewa vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ningeweza kujitetea kwamba sikuelewa.

Nilimkuta Mzee Edmund akifagia. Nilimwamkia, akaniuliza nimefuata nini maili tatu peke yangu, nikamwambia ni kazi ya shule. Alifurahi. Aliegemeza ufagio, akashika ncha ya utepe, na tukazunguka kanisa lote, yeye akiinama kwa shida kwenye kila pembe na kunisubiri niandike. Alinionyesha namna ya kupima kimo kwa kutumia timazi. Tulipofika upande wa kusini nilimwuliza ukuta una unene gani. Aliupapasa ukuta kwa kiganja. Nilidhani hajasikia, nikauliza tena.

"Pima mwenyewe, mwanangu. Ukuta ni huo."

Nilipima kwenye kizingiti cha dirisha: sentimita sabini na tano. Niliketi kwenye ngazi ya mlango wa magharibi nikapiga hesabu. Eneo la kuta baada ya kutoa milango na madirisha, mita za mraba mia mbili na hamsini. Mara unene. Gawanya kwa ujazo wa tofali moja pamoja na udongo wake. Jibu lilitoka sitini elfu kamili, bila baki. Sijui kama nitaeleweka nikisema kwamba ile hali ya kutokuwa na baki ndiyo iliyonidanganya. Niliona hesabu safi, nikadhani nimefanya jambo safi. Mzee Edmund alikuwa amenichumia mapera mawili kwa ajili ya njiani. Niliyala.

Mkutano ulifanyika mwezi wa tisa, kwenye uwanja wa shule, watu wamekaa juu ya nguzo ambazo zilikuwa bado hazijasimikwa. Ndugu Urbani alisoma: matofali sitini elfu, chumba kimoja ni elfu kumi na tano, vyumba vinne. Alisema hakuna atakayefyatua hata tofali moja. Nilizitazama nyuso za watu wazima, Wakristo wa kanisa lile lile, nikaona jambo ambalo lilinitisha zaidi ya kelele: walipumua. Padre Damiano alisema ataandika kwa Askofu, lakini alilisema kama mtu anayejua kwamba barua huchukua mwezi na nyundo huchukua wiki.

Mzee Edmund alisimama. Aliuliza nani aliyehesabu. Ndugu Urbani, nadhani kwa kunihurumia, alijibu kwamba ni watu wenye ujuzi huo. Nilikuwa nimekaa na wasichana wa darasa la saba, hatua kumi kutoka kwake, nikiangalia vidole vya miguu yangu. Ilikuwa ndiyo nafasi yangu ya kusimama. Nilihesabu vidole, vilikuwa kumi, nikahesabu tena.

Mzee akawaomba watu wamfuate kanisani. Kulikuwa na manung'uniko. Maili tatu kushuka, maili tatu kupanda, na jua lile. Mtu mmoja aliuliza kama ukuta hauwezi kuja wenyewe. Lakini wakafuata.

Alichukua nyundo na patasi kwenye sanduku lake. Akaenda upande wa kusini, kati ya tegemeo la tatu na la nne, akaanza kutoa matofali kwa kimo cha kifua. Aliyatoa taratibu, kila moja akiliandika namba kwa chokaa na kulilaza kwenye majani, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Alipotoa la kumi na nane alirudi nyuma watu waone. Nyuma ya matofali yale hapakuwa na tofali jingine. Palikuwa na udongo mgumu, mweusi, na mawe ya ufukoni.

Kwa miaka yote watu wa pwani hii walijivunia ukuta wa Lumbanga. Mapadre waliwaambia wageni kwamba ni tofali tupu, matatu kwa unene. Upepo wa mwera uling'oa mapaa ya watu mara ngapi na ukuta ule haukutikisika. Na fundi wake alikuwa Edmund Challe. Sasa akasimama kando ya shimo, vumbi likiwa kwenye nyusi, akazungumza bila kupandisha sauti.

"Mwaka wa pili wa ujenzi mvua ya Novemba iliwahi. Tanuru kubwa lilinyeshewa kabla halijawashwa. Matofali ya watu mia tatu yakarudi kuwa tope. Padre alikuwa amekwenda kisiwani Likoma, na angerudi angewaambia wangoje ubatizo mwaka mzima, wafyatue upya. Mimi ndiye niliyesema tulimwage tope lao humu katikati, wahesabiwe. Wenzangu walikubali na wote wamekufa. Huu ukuta una ngozi mbili za tofali, na tumbo la tope. Matofali humu hayafiki elfu ishirini na mbili, na karibu nusu yake, ya chini, yameliwa na chumvi. Chumba kimoja cha shule kitawashinda. Neno hili nimekaa nalo miaka thelathini na tisa."

Nyuma mtu akasema, si kwa sauti ndogo, kwamba kumbe tulikuwa na fundi wa tope. Wengine wakacheka kidogo kwa aibu. Mzee Edmund alilisikia.

Mama Ephrasia Mbawala, ambaye alibatizwa Pasaka ya mwaka 1936, alijipenyeza mpaka mbele na fimbo yake. Alikuwa mmoja wa wale mia tatu. Mara nyingi nilimsikia akijisifu kwamba matofali yake yako juu karibu na paa.

"Edmund, yangu yako wapi?"

"Humu, dada. Hapa au karibu na hapa."

Aliingiza mkono kwenye shimo, akamega kipande cha udongo, akakinusa. Sote tulingoja. Akasema, "Basi heri yangu mimi niliye ndani. Nyie wa nje mnanyeshewa kila mwaka."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ndugu Urbani naye alicheka. Mzee Edmund hakucheka. Aliegemea tegemeo la tatu, akauangalia ukuta na si watu. Bibi yangu pia alikuwa wa Pasaka ile. Nilijua wakati ule kwa nini nilipokuwa mtoto niliambiwa niangalie juu.

Ndugu Urbani aliikunja karatasi yenye hesabu yangu, akaitia mfukoni. Kisha akauliza swali ambalo lilikuwa la haki.

"Sasa hawa watoto nitawaweka wapi, Mzee?"

"Nipe udongo na watu. Tanuru nitalichoma mimi. Na safari hii nitalifunika."

Ndivyo ilivyokuwa. Utaratibu wa zamani ukarudi: kila kaya matofali mia moja na ishirini, Waanglikana, Wakatoliki, na yule mganga wa zahanati ambaye ni Mwislamu wa Kilwa na ambaye matofali yake yalikuwa yamenyooka kuliko ya wote. Walifyatua wakiwa wamechoka vile vile. Mzee Edmund alipiga kengele asubuhi, akapanda maili tatu kusimamia udongo, akashuka jioni kufunga mlango. Leo shule yetu ina vyumba viwili vilivyoezekwa, na cha tatu kimefika kwenye vizingiti. Ndugu Urbani amehamishwa, lakini ameandika kutoka Mbinga kwamba Jumanne atakuja, kama basi litamfikisha.

Habari za ukuta zilisambaa hadi Chiwanda. Kuna watoto waliomwita Mzee Edmund Fundi Tope, na kuna watu wazima walioona haya kumwamkia. Wiki ile ile aliandika barua ya kuacha kazi. Padre Damiano aliipokea, akaiweka katikati ya kitabu cha Misa, akasema ataijibu atakapoufikia ukurasa ule. Ameufikia mwaka huu. Katika miaka hiyo miwili Mzee aliziba shimo lake kwa matofali yale yale kumi na nane, kwa namba zake. Kiraka kinaonekana. Aliniambia ametaka kionekane.

Siwezi kusema amefanikiwa katika mambo mangapi, maana mengi aliyoyafanya ni mambo ambayo hayakutokea: paa halikuanguka, ukuta haukupinda, Jumapili hata moja haikupita mlango ukiwa umefungwa. Kanisa lile limechoka. Yeye amechoka pia. Wote wawili wamesimama.

Mzee Edmund, tunakushukuru sisi tuliobatizwa chini ya tao lako, na wale walio ukutani, nje na ndani. Funguo utampa Mansuetus Kumburu, anayeshika nafasi yako, nasi tutajitahidi tusimcheke popo watakapomshinda. Kuanzia Jumatano usishuke. Lala mpaka jua likukute, unywe uji ukiwa bado wa moto, umjulie hali Mama Lukresia kwanza. Mungu akupe miaka ya kukaa tu.

Nilikuwa nimemaliza hapo. Padre Damiano aliusoma wasifu huu peke yake, akakaa nao siku moja, kisha akasema hautachapwa mpaka nimsomee Mzee Edmund mwenyewe. Alhamisi nilikwenda. Mama Lukresia alikuwa akimenya muhogo uani. Mzee Edmund alikaa kwenye kigoda, akafumba macho, nikasoma yote, kuanzia sentensi ya kwanza.

Nilipomaliza alifumbua macho. Kisha akasema sikutaja idadi ya madirisha, nayo ni kumi na matatu. Watu husema kumi na mawili kwa sababu moja liko nyuma ya kabati la mavazi. Akaniomba nifute neno moja, "shujaa", ambalo nilikuwa nimeliandika mahali fulani. Nimelifuta. Nikamwuliza kama na mwanzo niufute.

"Uache. Karatasi zako siku ile zilikuwa na mhuri wa ofisi. Shuleni kwenu karatasi za mhuri mnazitoa wapi?"

Nilimwuliza kwa nini basi alinishikia utepe.

"Ulikuwa unapima vizuri," alisema. "Na ukuta ule haukuwa wako kuusemea. Ulikuwa wangu."

Mama Lukresia akasema kama tumemaliza habari za ukuta, kuna kisu kingine pale na muhogo bado ni mwingi. Nilimenya mpaka ukaisha.

Kaya yetu ilitoa matofali yake mwaka jana, nikiwa sekondari, kwa hiyo mimi sikufyatua hata moja. Chumba cha tatu bado kina upungufu. Jana Ijumaa niliazima kalibu ya kufyatulia kwa Mansuetus, nikashuka kwenye kijito, nikachota maji, nikakanyaga udongo tangu asubuhi. Kufikia jioni nilikuwa nimefyatua ishirini na sita. Manne yalipasuka. Mvua iko karibu, nikayafunika yaliyobaki kwa majani ya migomba na kuyawekea mawe juu. Yamebaki tisini na manane. Hesabu hii nimeirudia mara mbili.